Mtu Mwembamba na Ugonjwa wa Kisukari



Watu wengi hudhani ya kuwa kisukari ni ugonjwa wa watu wanene wenye kula vizuri na kukaa kitini mchana kutwa. Mimi nami nilidhani hivyo, na kwa dhana hiyo nusura nimdhuru baba yangu mzazi. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu, ili kosa langu liwafae wengine.

Baba ni mkulima wa chai na migomba chini ya mlima Rungwe. Tangu ujana wake ni mtu mwembamba. Nilipokuwa Kidato cha Pili alianza kushikwa na kiu isiyokwisha, akawa akiamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, na mwili ukapungua. Hospitalini alipimwa asubuhi kabla hajala, ikaonekana sukari ya damu ni milimoli 12 kwa lita. Kipimo cha namna hiyo kikifika 7 au kuzidi, na kikarudiwa kikawa vile vile, mtu huyo ana kisukari. Akapewa vidonge, akaambiwa aangalie chakula chake.

Nilipopata habari hiyo hapa bwenini, nilimwandikia barua. Nilikuwa nimesoma kwamba mgonjwa wa kisukari hupunguza chakula ili apunguze mwili. Nikamwambia aache ndizi, wali na ugali, ale mara moja tu kwa siku. Baba akanitii, kwa kuwa katika nyumba yetu mimi ndimi niliyesoma.

Niliporudi kwa likizo ya Juni nilimkuta amepungua kutoka kilo 54 hadi 47. Majirani walikuwa wakinong'ona kuwa ana maradhi mengine. Asubuhi moja alimeza kidonge, akaenda kuchuma chai bila kula kitu. Kabla ya saa nne alianza kutetemeka na kutoka jasho, akasema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka katikati ya michai. Kwa bahati alikuwa bado aweza kumeza. Mama akamnywesha chai yenye sukari nyingi, na baada ya kama robo saa akatutambua.

Mwuguzi alitueleza kwamba kidonge kilikuwa kimeshusha sukari mno kwa sababu tumboni hamkuwa na chakula. Akauliza ni nani aliyetoa shauri lile la kula mara moja. Mimi nikanyamaza. Baba akajibu, "Ni mimi mwenyewe." Jibu hilo liliniuma kuliko fimbo.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Chakula cha wanga kikiliwa hugeuka kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huiruhusu sukari hiyo kuingia mwilini na kutumika. Katika watu wanene, mara nyingi insulini ipo lakini mwili hauitii, na kwa hiyo kupunguza mwili huwasaidia sana. Lakini kwa wembamba wengi taabu ni nyingine: kongosho yenyewe hutoa insulini kidogo. Kumkondesha mtu kama huyo hakuiongezi insulini, bali humwondolea nguvu tu.

Wala watu hao si wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda kwa watu wazima waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari ulionyesha kwamba karibu theluthi moja yao hawakuwa wanene. Mwezi wa Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika mkutano wake mjini Bangkok, liliukubali ugonjwa wa kisukari utokanao na utapiamlo, likauita aina ya 5. Kwa hiyo hata aliyekosa chakula utotoni aweza kuupata.

Je, mtu mwembamba ale nini? Twashukuru kwamba Rungwe si nchi ya njaa. Haya ndiyo tuliyofundishwa kwa ajili ya baba.

Kwanza, asikae na njaa. Ale mara tatu kwa saa zile zile, na asimeze kidonge kisha akaruka mlo.

Pili, wanga usiachwe, bali ugawanywe. Badala ya sahani iliyojaa wali jioni, ale kiasi cha ngumi moja kila mlo. Ndizi mbichi za kupika ni afadhali kuliko mbivu, maana ndizi inapoiva wanga wake hugeuka sukari. Ugali wa dona ni afadhali kuliko wa sembe.

Tatu, wanga usiliwe peke yake. Ndizi zipikwe na maharage, tena pawe na majani ya maboga kwa wingi. Hivyo sukari hupanda polepole.

Nne, nguvu iliyopungua itafutwe katika vyakula visivyopandisha sukari sana. Hapa ndipo parachichi letu lina faida, pamoja na karanga, mayai, samaki na maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari. Sukari ya chai na soda aziache, ila pale anapotetemeka kwa kushukiwa na sukari.

Tano, chakula hakichukui nafasi ya dawa. Wengine, na hasa watoto, hawawezi kuishi bila sindano ya insulini, hata wakila vizuri namna gani.

Leo baba ana kilo 53, na kipimo chake cha asubuhi huwa kati ya 6 na 7. Mfukoni mwake hakukosi kipakiti cha sukari anapokwenda shambani. Likizo iliyopita nilimwomba radhi kwa ile barua. Alicheka, akasema niandike nyingine, lakini safari hii nimwulize mwuguzi kwanza.

Nami nawaambieni vivyo hivyo, ndugu zangu. Tukiwa na elimu kidogo, wazee wetu hutuamini sana. Tusiwape shauri la mwili wao kabla ya kuwauliza wanaojua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne