Kigeuzi cha Sauti kwa Stirio ya Nyumbani

Zipo nyumba ambamo stirio ya zamani ingali inasimama sebuleni kwa heshima yake: amplifaya nzito ya miaka ya 1970 au 1980, spika mbili za mbao, na pengine gramafoni juu yake. Vyombo hivyo havijafa. Kilichobadilika ni muziki wenyewe, maana santuri na kaseti zimeipisha simu, kompyuta na televisheni, ambamo sauti huhifadhiwa kwa tarakimu. Amplifaya ya zamani haisomi tarakimu; yataka umeme unaopanda na kushuka kama lifanyavyo wimbi la sauti. Chombo kinachosimama katikati na kufanya ugeuzi huo ndicho kigeuzi cha sauti, kijulikanacho madukani kwa herufi tatu, DAC.

Kazi hiyo si ngeni. Sahani za CD zilipoanza kuuzwa huko Japani mwezi wa Oktoba 1982, kila sekunde ya muziki ilikuwa imepimwa mara 44,100, na kila kipimo kilikuwa na ngazi 65,536. Kila mashine ya kuchezea sahani hizo ilikuwa na kigeuzi tumboni mwake. Tangu hapo ufundi huo umeshuka bei mno. Kampuni ya Apple ilipoondoa tundu la visikilizio katika simu yake ya iPhone 7 mwaka 2016, iliuza waya mfupi wa dola 9, na ndani ya waya huo mlikuwa na kigeuzi kamili.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kigeuzi chaweza kupatikana kwa dola 9, mwenye kulipa dola 100 hadi 300, ambayo ndiyo bei ya kadiri, analipia nini? Aghalabu halipii sauti iliyo bora sana. Analipia matundu yanayolingana na vyombo vyake, utulivu wa umeme, kitufe cha sauti, na nguvu ya kuendesha visikilizio. Hayo ndiyo ya kupimwa kabla ya kufungua mkoba.

Muuzaji, hata hivyo, ataanza na tarakimu kubwa: biti 32, vipimo 768,000 kwa sekunde. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society jaribio walilolifanya Marekani. Wasikilizaji walichezewa rekodi za kiwango cha juu, mara zikiwa kamili, mara zikiwa zimepunguzwa hadi kipimo cha CD ya kawaida, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawasawa na mtu arushaye sarafu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2016, uliokusanya majaribio mengi pamoja, ulionyesha kwamba tofauti yaweza kusikika kidogo, hasa kwa masikio yaliyofunzwa. Kwa sebule yenye watoto na sufuria zinazogongana jikoni, tofauti hiyo si ya kutolewa akiba.

Hila ya dukani ni nyingine. Kigeuzi cha kawaida hutoa umeme wa volti 2 hivi. Kingine hutoa zaidi, na kwa hiyo huvuma zaidi. Sikio la mwanadamu huchukua uvumi huo mdogo kuwa ni uzuri. Mwombe muuzaji asawazishe sauti za vyombo vyote viwili kabla hujatoa hukumu. Wala usidanganywe na jina la chipu iliyomo. Mwezi wa Oktoba 2020 kiwanda cha chipu za AKM huko Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji waliozitegemea wakalazimika kutafuta chipu nyingine. Muundo wa kigeuzi kizima una uzito kuliko jina la chipu.

Tuje kwenye matundu, ambapo fedha nyingi hupotea. Televisheni nyingi hutoa sauti kwa waya wa mwanga. Hakikisha kigeuzi kina tundu hilo. Kisha ingia katika orodha ya televisheni, uchague PCM, kwani vigeuzi vingi vya bei hii havifahamu lugha ya Dolby, na usipofanya hivyo vitakaa kimya au vitakoroma, ukadhani umeuziwa kibovu. Nyuma ya amplifaya chomeka waya palipoandikwa AUX, CD au TAPE. Usichomeke kamwe penye PHONO: pale ni pa gramafoni, na sauti itatoka nzito na yenye mikwaruzo. Kama kompyuta iliyounganishwa kwa USB inaleta mngurumo katika spika, waya wa mwanga utautuliza, kwa sababu haupitishi umeme.

Kwa familia zihamishwazo kutoka kambi hadi kambi, umeme wastahili uangalifu. Chombo kilichonunuliwa Marekani chaweza kuja na transfoma ya volti 120 tu, na kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240 kitaungua siku ya kwanza. Tafuta kilichoandikwa 100–240, au kinachotumia volti 5 za chaja ya simu. Tundu la visikilizio nalo si anasa: baba aliyetoka lindo la usiku alale, na kijana asikilize muziki wake bila kumwamsha.

Kabla ya yote hayo, fungua kitambaa cha spika na uguse ukingo wa sifongo unaozunguka koni. Ukingo huo huoza kwa miaka, na ukimomonyoka chini ya kidole, hakuna kigeuzi duniani kitakachoirudishia spika hiyo besi yake. Mwenye dola 300 na spika za namna hiyo atumie mia kwa kigeuzi chepesi, kama vile vinavyotengenezwa na Topping au SMSL za China, iFi ya Uingereza au Schiit ya Marekani, na zilizobaki azipeleke kwa fundi wa spika.

Patana na muuzaji akuruhusu kukirudisha kigeuzi baada ya siku chache. Nyumbani, mama akae mbele ya spika na kigeuzi kikiwa kimefunikwa kwa kanga, sauti zikiwa zimesawazishwa, na mmoja wa watoto abadilishe waya baina ya kigeuzi kipya na tundu la visikilizio la simu au kompyuta bila kusema neno. Kila wimbo mama aseme ni kipi kinachocheza, na baba aandike. Baada ya nyimbo ishirini, hesabuni alizopatia. Zikiwa kumi au kumi na moja, na matundu mliyo nayo yanawatosha, kirudisheni kisanduku dukani kabla siku hazijapita.