Mlima Meru: Kisiwa cha Nchi Kavu

Kwa kawaida kisiwa huzungukwa na maji. Mlima Meru, volkano yenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, umepakana na mbuga kavu. Pepo za Bahari ya Hindi zikweapo miteremko ya kusini hupoa, mvua ikanyesha. Huko Wameru, wasemao Kirwa, na Waarusha, wasemao Kimaasai, hulima migomba na kahawa kwa maji ya mifereji.

Ardhi ya mlima iligombaniwa: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki, mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa.

Volkano iliyorutubisha udongo imetia pia floraidi katika chemchemi nyingi. Ikizidi huharibu meno na mifupa. Maji maangavu hayatoshi, sharti yapimwe.