Faili Limeingia, Kazi Haina Mwenyewe

Jambo la wiki hii wengi wenu mkilisikia jina lake mtakimbilia kubadilisha stesheni. Nawaomba mnivumilie. Ni jambo la kompyuta, lakini ndani yake mna fedha zenu, madai yenu na maombi yenu yanayolala maofisini.

Jirani yangu mmoja ana daladala. Iligongwa, naye akapeleka madai kwenye kampuni yake ya bima na kukamilisha karatasi zote. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kila akienda, binti wa mapokezi humwamkia kwa heshima, kisha humwambia: "Madai yako yapo mzee. Kwenye kompyuta yanaonekana yanaendelea." Jioni moja mzee akanijia. "Mwanangu, wewe mtu wa redio," akasema, "hebu niulizie, yanaendelea kwenda wapi?"

Nikauliza. Fundi wa kompyuta wa kampuni ile, kijana muungwana, alinionyesha kosa lenyewe kwa sharti kwamba nisitaje jina la kampuni, nami silitaji. Walikuwa wamehama kutoka programu moja ya kuendeshea kazi za ofisi kwenda nyingine. Ramani zao za kazi zilihamishwa zikiwa mafaili, nayo mafaili yakaingia bila ubishi wowote. Hapo ndipo madai ya mzee yalipopotelea.

Ramani ya kazi ni nini? Kila ofisi ina utaratibu wake. Dai linapokelewa, karani anakagua karatasi, mthamini anakwenda kuliangalia gari, meneja anatia sahihi, mhasibu analipa. Zamani utaratibu huu ulikaa vichwani mwa watu na miguuni mwa tarishi. Siku hizi unachorwa: duara la kuanzia, kisanduku kwa kila kazi, umbo la almasi pale penye uamuzi, na mishale ya kuunganisha. Uchoraji unaotumika zaidi unaitwa BPMN. Ulitolewa mwaka 2004, na tangu 2005 uko chini ya OMG, jumuiya ya Kimarekani inayopanga viwango vya programu. Mwaka 2013 ukapokewa na ISO kuwa kiwango cha kimataifa.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro kubwa. Watu walikubaliana juu ya michoro, lakini hawakukubaliana juu ya faili la kuihifadhia. Ni sawa na mafundi cherehani wawili wanaojua mtindo mmoja wa shati, kila mmoja akipima kwa rula yake. Palikuwa na lugha za kuziba pengo. XPDL ilitoka mwaka 2002, na BPEL ikapata toleo lake la pili mwaka 2007. Hiyo BPEL haikupenda mishale inayorudi nyuma kiholela kama mchoro unavyoruhusu, basi fundi alikuwa akigeuza mchoro kuwa BPEL, anarekebisha huko, na mchoro unabaki na mambo ya jana. Mwezi Januari 2011 likaja toleo la pili la BPMN, na humo faili likapata umbo rasmi kwa maandishi ya XML.

Ukilifungua faili hilo kwa programu yoyote ya kusomea maandishi, utaona sehemu mbili. Ya kwanza inaeleza maana: hii ni kazi, hii ni njia panda, mshale huu unatoka hapa kwenda pale. Ya pili inaeleza sura: kisanduku hiki kikae wapi kwenye karatasi, upana wake kiasi gani. Faili lisilo na sehemu ya pili linaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ukilifungua kwenye programu nyingi za kuchorea hutaona kitu, ukadhani limeharibika.

Sasa tuje kwenye kuliingiza. Mtengeneza programu anafanyia kazi ndani ya kitu tunachoweza kukiita karakana: mahali pa kuandikia, kukagua na kujaribu programu pamekaa meza moja. Karakana moja mashuhuri ni Eclipse, ambayo kampuni ya IBM iliitoa kwa umma mwaka 2001. Ukiiambia Eclipse iingize faili, kwa kawaida kinachofanyika ni kunakili tu. Ni kama karani wa masjala anayegonga muhuri wa "limepokelewa" bila kufungua bahasha. Hatua ya pili, kama chombo chake kimewekwa, ni ukaguzi wa sarufi. Je, kila alama imefungwa? Je, kila mshale unaelekea kwenye kisanduku kilichomo? Faili likipita hapo, wengi hushangilia na kwenda kunywa chai.

Na hapa ndipo penye mtego. Kiwango kinaziruhusu kampuni kuongeza mambo yao ndani ya faili, nayo programu nyingine isiyoyafahamu inaruhusiwa kuyapuuza kimya kimya, isipokuwa mwandishi awe ameandika kwamba ni lazima yafahamike. Nani huandika hivyo? Wachache sana.

Chukua swali la nani afanye kazi. Kiwango kina njia yake ya kulijibu, ndefu na yenye maneno mengi. Basi watengenezaji wakabuni njia ya mkato. Katika Activiti, programu iliyotoka mwaka 2010, na katika Camunda ya Ujerumani iliyochipuka kutoka humo mwaka 2013, fundi huandika jina la kitengo kwa neno moja la nyongeza. Njia nzuri, nyepesi, na kila mtu huitumia. Lipeleke faili hilo kwenye programu ya ukoo mwingine: kisanduku kipo, mshale upo, sarufi safi, lakini jina la kitengo halisomeki. Kazi inazaliwa haina mwenyewe. Haitokei kwenye skrini ya mtu yeyote, na ukiuliza kompyuta, itakujibu kwa ukweli kabisa kwamba dai linaendelea.

Msidhani hili huwapata wanaohama ukoo peke yao. Camunda ilipotoa toleo la 8 mwaka 2022, mafaili ya toleo la 7 hayakuweza kuendeshwa humo kama yalivyo. Masharti ya kwenye njia panda yaliyokuwa yakiandikwa kwa alama ya dola na mabano sasa yanaandikwa kwa lugha nyingine inayoanza na alama ya sawasawa. Kampuni ileile, mchoro uleule, na bado ilibidi mkono wa fundi upite.

Hayo masharti ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Kazi isiyo na mwenyewe hulala tu. Sharti likipotea, mambo hutembea. Tuseme njia panda inasema dai linalozidi kiasi fulani lipite kwa meneja mkuu. Zipo programu zitakazolikataa faili lisilo na sharti hilo, na mimi nazisifu kwa ukali wao. Lakini zipo zinazouhesabu mshale usio na sharti kuwa ni mlango ulio wazi, na mlango wa kwanza ulio wazi ndio unaopitwa. Ukaguzi wa hesabu utakapofika, sahihi ya meneja mkuu itatafutwa isionekane, na karani ndiye atakayeulizwa.

Kwa hiyo muuzaji akiwaambia wakubwa wa ofisi yako kwamba programu yake inafuata BPMN 2.0, huenda anasema kweli, na kweli hiyo haitoshi. OMG yenyewe ina kikundi kinachopima kama programu mbalimbali zinaweza kupeana michoro bila kuiharibu. Kisingekuwapo kama mambo yangekuwa rahisi. Mkubwa wa ofisi aombe jambo moja kabla hajatia sahihi ya malipo: dai moja la majaribio lipitishwe kwenye programu mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kila njia ya kila njia panda, na kwa kila kisanduku aonyeshwe skrini ya nani imepokea.

Kijana yule wa bima hakuombwa kufanya hivyo. Aliniambia alipewa mwisho wa wiki mmoja wa kuhama. Siku tuliyozungumza alikuwa ameshafungua ramani ya madai ya magari na kuandika upya jina la kitengo cha tathmini, kwa namna programu mpya inavyotaka. Lakini madai yaliyokwishazaliwa bila mwenyewe hayakujirekebisha. Ilibidi ayatafute moja moja na kumkabidhi mtu kila dai. La mzee lilikuwamo. Mthamini alimpigia simu keshoye, akamuuliza gari liko gereji gani.