Kujipaka Mafuta Kila Siku Kunazuia Uzee ama Unachezwa tu?

Kila mtaa uko na ule mathee wa miaka 60 ambaye ukimwona na bintiye unadhani ni madada. Ukimuuliza siri, atakwambia ni maji mob na Arimis. Sasa wewe uko na miaka 23, umetoa doo ya maana ukanunua kachupa ka seramu, na unajiuliza kama hiyo kitu itakusaidia ukizeeka.

Kuna tabia zinasaidia, na ile kubwa kuliko zote ni kuzuia jua.

Huko Nambour, Australia, watafiti walichukua watu 903 walio chini ya miaka 55 wakawagawanya. Kundi moja lilipaka mafuta ya kukinga jua kila siku, lingine likaendelea kupaka vile lilizoea. Baada ya miaka 4 na nusu, ngozi ya wale wa kila siku ilikuwa imezeeka kwa asilimia 24 chini ya wenzao. Na hawakukadiria kwa macho tu, walichukua chapa za ngozi ya nyuma ya mkono wakapima. Wengine walipewa vidonge vya beta-karotini, na hivyo havikubadilisha kitu. Matokeo yalitoka 2013.

Kama bado unabisha, tafuta picha ya yule dereva wa lori wa Marekani iliyotoka kwa jarida la madaktari mwaka wa 2012. Jamaa ana miaka 69, aliendesha lori miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, ule wa dirishani, umejaa makunyanzi mazito. Wa kulia uko fiti kiasi. Miale ya UVA hupenya kioo na kuvunja kolajeni, ile kitu hushikilia ngozi isilegee. Madere wetu hukaa kulia, so nyinyi angalieni upande huo.

Najua utasema sisi weusi tuko na melanini. Ni kweli, inatukinga, ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa. Lakini jua la huku halina huruma, na kwetu huanza na madoa na rangi isiyolingana.

Arimis ya mathee? Inashikilia maji, ngozi inang'aa, lakini jua haizuii. Kwa zile za chupa, retinoli na binamu yake tretinoini ndizo ziko na ushahidi mzuri, ila zinataka miezi na uvumilivu, na ukiwa na mimba uachane nazo. Fegi nayo inazeesha ngozi, hata upake nini juu yake.

Noma iko kwa mafuta ya kujichubua. Yenye zebaki na haidrokwinoni yamepigwa marufuku Kenya na bado yanauzwa chini ya maji. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kukuachia madoa meusi ya kibluu, na ngao yako ya melanini ishapungua. Yaani unalipa ndio uzeeke haraka. Kama ushaanza, mwone daktari wa ngozi.

Ukienda dukani, angalia SPF 30 kwenda juu na ihakikishe inakinga UVA pia. Paka shingo na mikono, si uso pekee, na ukishinda nje rudia kila masaa mawili. Pesa ikibana, kofia na kivuli pia vinahesabika.