Gari la Kale Hufika Kamina Likitengenezeka Njiani

Barabara ya Taifa Namba 1 ya Kongo huanzia Banana, mto unapoingia baharini, na kuishia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu mikoa ilipogawanywa upya mwaka 2015, imo katika njia hiyo. Atokaye Lubumbashi hupata lami hadi Likasi, kilomita 120, kisha hadi Nguba; hapo njia ya Kolwezi huelekea magharibi, na ya Kamina hupinda kaskazini kupitia Lubudi yenye kiwanda cha saruji na Luena ya makaa ya mawe. Safari nzima ni takriban kilomita 600, na kwa miaka mingi msafiri aliyeipita Nguba amezoea udongo mwekundu: vumbi laini kuanzia Mei hadi Septemba, tope kuanzia Oktoba hadi Aprili. Mwenye Peugeot 404, Land Rover ya miaka ya 1960 au Mercedes ya dizeli iliyolala bandani, akitangaza kwamba anataka kuipeleka Kamina, husikia majibu mawili. Mmoja humwambia kwamba magari ya zamani yalikuwa chuma kitupu, aende bila wasiwasi. Mwingine humwambia kwamba chakavu ni chakavu, halitafika hata Lubudi. Wote wawili wanapima kisichohusika, yaani unene wa bati na umri wa injini. Kinachoamua safari ni jambo jingine: gari likiharibika, na litaharibika, je, litatengenezeka pale pale liliposimama, kwa mikono na vifaa vilivyopo?

Ushahidi bora tulio nao katika eneo letu ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita katika barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawekwa majira ya Pasaka, mvua zinapokolea. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ilipiga tena, yakafika 7 tena, na washindi wakawa wale wale, kwa 404 vilevile. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walikuwa wameshinda mara mbili mfululizo kwa gari la aina hiyo hiyo. Wapenzi wa Peugeot huisoma orodha hii na kuona kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Magari 77 yaliyobaki njiani mwaka 1963 nayo yalikuwa ya zama zile zile tunazozisifu leo, na wakati huo hayakuwa ya kale hata kidogo. Kama uimara ungekuwa sifa ya enzi, yasingelala kwenye matope. Mfano unaofundisha zaidi ni wa mwaka 1965: Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu waliokwama barabarani. Alijua gari lake lingefia wapi, na alijua la kufanya likifika hapo.

Ujuzi wa namna hiyo unawezekana kwa sababu gari la zamani huonyesha ugonjwa wake. Injini ya petroli ya mwaka 1965 inataka vitu vitatu, yaani mafuta, hewa na cheche, na kila kimoja kinaweza kukaguliwa kwa macho. Fungua plagi, igusishe kwenye bodi, zungusha injini: ama cheche ipo au haipo. Kama haipo, tatizo liko kati ya betri, koili, kondensa na pointi, na pointi husafishwa kwa msasa na kupimwa nafasi yake, ambayo kwa magari mengi ni karibu nusu milimita. Dizeli ya zamani, au mazuti kama wasemavyo Kongo, inarahisisha zaidi, kwa kuwa pampu yake ya sindano huendeshwa na injini yenyewe. Ikishawaka haihitaji umeme kabisa, na betri ikifa injini ikiwa bado na joto, watu wachache wenye nguvu na mteremko mdogo wanatosha kuiamsha. Gari la leo linaongozwa na kompyuta inayosoma vihisio kadhaa, na kihisio kimoja kikikosea huweza kuiamuru injini ipunguze nguvu au izime kabisa. Pengine gari hilo linaharibika mara chache zaidi kuliko la kale, na ni haki kulikiri hilo. Ila likiharibika kati ya Lubudi na Luena, fundi asiye na kifaa cha kulisoma hana pa kuanzia.

Chukua springi. Magari mengi ya zamani hukalia springi za vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kipande kimoja kikivunjika, vingine hubeba mzigo hadi mjini, na kipya hukatwa kutoka kwenye springi ya lori lililokufa, kikapindwa kwenye moto. Ufundi huo si mgeni katika nchi ya Waluba, wenyeji wa eneo la Kamina. Makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, katika mkoa huu huu, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1957, yalitoa vitu vya chuma na shaba vilivyofuliwa yapata miaka elfu moja iliyopita. Kamina yenyewe ni mji wa reli: njia ya Lubumbashi kwenda Ilebo hupita hapo, na tangu mwaka 1956 inaungana na ile ya Kabalo iendayo Kalemie na Kindu. Mji uliolelewa na reli una watu wanaojua kuchomelea, kukereza na kunyoosha chuma, na gari linalodai kazi ya namna hiyo tu limefika kwa wenyewe.

Lakini chuma si shida ya kwanza, na hapa ndipo maandalizi ya wengi yanapopotea. Fedha hutumika kuifungua injini na kupaka rangi, ilhali kinachosimamisha magari ya kale mara nyingi ni mpira. Chuma kilicholala miaka 30 hupata kutu unayoiona. Mpira uliolala miaka 30 unaonekana mzima mpaka joto na mtikisiko viuguse. Hozi za rejeta, mkanda wa feni, bomba za mafuta, mipira ya silinda za breki, kiwambo cha pampu ya petroli, bushi za springi, tairi zenyewe: vyote hivi vina umri, na umri huo haupimwi kwa kilomita. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka 20 ni hatari kuliko ya miaka 3 yenye kashata iliyolika nusu. Kwa safari ya Kamina ningebadilisha kila kipande cha mpira kabla ya kugusa pistoni hata moja.

Baada ya mpira ni joto. Kamina iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji hayangoji nyuzi 100, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta wenye springi hai, unaobana kwa nusu ya shinikizo la hewa, hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 109. Ni tofauti ya nyuzi 13, na kipande kinachoileta ni miongoni mwa vile vya bei ndogo chini ya boneti. Fundi akikuambia injini ya kale ni ya moto kwa asili yake, mwulize kwanza mfuniko ule umepimwa lini, na rejeta imezibuliwa lini. Kimo hicho hicho hugusa pia kabureta: hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Mombasa au Dar es Salaam itamwaga petroli nyingi kupita kiasi, plagi zitakuwa nyeusi na nguvu itapungua. Gari linalotoka Lubumbashi halina shida hiyo, maana Lubumbashi iko juu kuliko Kamina.

Kuna hoja nzito kuhusu mafuta. Injini nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa ajili ya petroli yenye madini ya risasi, ambayo yalilinda viti vya valvu visilike. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005, baada ya azimio la Dakar la 2001, na Algeria, ya mwisho duniani, ikafuata Julai 2021. Ilikuwa hatua njema isiyo na mjadala, kwa kuwa risasi hudumaza akili za watoto. Je, injini hizo sasa hazifai? Viti vya valvu hulika zaidi injini inapokimbizwa kwa mizunguko mingi na mzigo mzito kwa muda mrefu, na barabara ya udongo haitoi nafasi ya mwendo huo. Kwa anayekusudia safari nyingi, kichwa cha injini hupelekwa kwa mkerezaji na kuwekewa viti vya chuma kigumu, mara moja tu. Tatizo kubwa zaidi njiani ni uchafu, yaani maji na mchanga ndani ya petroli ya madumu. Kitambaa safi cha kuchujia, chujio la ziada la kioo unaloliona ndani, na subira ya kuacha dumu litulie kabla ya kumimina vimeokoa pampu nyingi.

Watunzaji wa magari ya kale wana pingamizi lao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hutambua gari la kihistoria kuwa lile lenye angalau miaka 30, lililohifadhiwa katika hali yake sahihi na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Kwa mtazamo huo, kulipeleka kwenye vumbi la Lubudi ni kulidhulumu. Upande wa pili wapo wanaong'oa injini ya zamani na kuweka ya kisasa ya Kijapani, wakisema wamelipa gari maisha mapya. Sikubaliani na wote wawili. Gari la kale lilibuniwa ili litembee na lifunguliwe. Kulifungia bandani ni kuhifadhi umbo na kupoteza kazi. Na kulitia ubongo wa kompyuta ni kuliondolea ile sifa pekee inayolifaa safarini. Mkanda wa kiti, taa bora na alteneta badala ya dainamo navikubali. Kiwashio cha kielektroniki nakikubali kwa sharti kwamba pointi na kondensa vimo ndani ya kisanduku cha vifaa.

Pingamizi la usalama ni zito kuliko hayo yote. Mkanda wa pointi tatu ulianza kuwekwa na Volvo mwaka 1959, na magari mengi ya muongo uliofuata hayakuwa nao. Usukani wa gari la kale mara nyingi ni nondo iliyonyooka kuelekea kifuani, na breki zake za drami huchoka zikipata moto. Hakuna ustadi wa fundi utakaolifanya gari hilo liwe salama sawa na la leo. Jibu pekee la kweli ni mwendo. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa kasi: gari la kilomita 80 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la 40. Anayetaka kufika Kamina kwa siku moja asichukue gari la kale. Wala sizitetei taksi na malori yaliyochakaa yanayofuka moshi mjini. Kenya inayozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda iliyoweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, zina sababu za haki. Gari bovu linalotumikishwa kwa sababu ya umaskini na gari la kale linalotunzwa kwa bidii yanafanana umri tu.

Mwisho, kuna wasemao hoja hii yote itakufa lami ikifika. Makubaliano ya Sicomines, kampuni ya madini ya ubia wa Kongo na China, yaliyorekebishwa mwaka 2024 yaliahidi hadi dola bilioni 7 kwa miundombinu ya Kongo, hasa barabara, na kila mkazi wa Kamina anayelipa bei ya bidhaa zinazochelewa njiani ana haki ya kuingoja lami hiyo kwa hamu. Ikifika, gari la kale litapata nafuu ya springi na litapata jaribu jipya la kukimbizwa kwa saa nyingi, ambalo hupasha injini moto na kula viti vya valvu kuliko matope. Kanuni ya kutengenezeka itabaki ile ile. Vitakavyobadilika ni vipande vya kubeba.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari la namna hii, usianze na Kamina. Lubumbashi hadi Likasi na kurudi ni kilomita 240 za lami, zenye magereji pande zote mbili. Lipeleke gari safari hiyo likiwa na mzigo kamili, kisha lilaze usiku mzima, na asubuhi pita chini yake na taa: tafuta oili iliyodondoka, nati iliyolegea, hozi iliyovimba. Rekebisha, rudia. Gari likirudi mara mbili bila jambo jipya, funga mizigo na uondoke mwezi Juni, udongo ukiwa mkavu na siku bado za baridi.