Kura ya Mkata Mkonge

Katika mashamba ya mkonge ya Muheza, mtu aliyeamka alfajiri akakata majani mpaka mikono ikatoka damu hakuwa na sauti katika Baraza la Kutunga Sheria. Septemba 1958, Jimbo la Tanga lilipopiga kura, sheria ya mkoloni ilimtaka mpiga kura awe na elimu iliyopangwa, au cheo, au pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mkata mkonge angezipata wapi? Na hao wachache waliokubaliwa walilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

TANU iliweza kuisusia kura hiyo. Lakini mkutano wa Tabora, Januari 1958, uliamua kuingia, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Huko Lushoto chama kilikuwa kimekwisha kupata mizizi kwa sababu nyingine: wakulima wa Usambara walikuwa wamechoshwa na amri ya kulima matuta, kazi ngumu waliyopangiwa bila kuulizwa. Mkulima na mkata mkonge walidai jambo moja, kwamba anayetawaliwa aulizwe.

Jibu kamili lilipatikana Septemba 1965. Muheza haikuwa bado wilaya. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tanga. Kila raia mtu mzima aliyejiandikisha, tajiri au maskini, msomi au asiyejua kusoma, alikuwa na kura moja. Nchi ilikuwa na chama kimoja, lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura walioomba, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Wagombea walizunguka pamoja, wakahutubia jukwaa moja kwa Kiswahili, na walikatazwa kutaja kabila, rangi au dini.

Matokeo yake yafaa yakumbukwe na kila kiongozi. Mawaziri wawili walianguka, mmojawapo Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Na wakati huo huo Ndugu Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro, na Ndugu Derek Bryceson, Mzungu, Dar es Salaam. Mwananchi hakutazama ngozi wala cheo, alitazama kazi.

Hatusemi kwamba utaratibu ule haukuwa na kasoro. Asiyekubaliana na chama hakuwa na pa kusimama, na mwaka 1992 nchi ilirudia vyama vingi. Lakini swali la mkata mkonge halikuondoka pamoja na chama kimoja. Leo hakuna anayeulizwa pato lake kabla ya kupiga kura. Hatari ni kwamba mwenye pato ainunue kura ya asiye nalo. Khanga na kilo ya sukari huisha kabla ya mwezi. Mbunge hukaa miaka 5.

Kwa hiyo mwanachama wa Muheza, Lushoto au Korogwe anapoletewa majina katika kura za maoni, hapana budi aulize: huyu amefanya nini kwa barabara ya mlimani, kwa bei ya mazao, kwa ujira wa shambani? Aliyekosa jibu asipewe kura, hata akiwa ndugu yetu. Mwaka 1958 tulinyimwa haki hiyo na wengine, tusijinyime wenyewe.