Jicho Huanza Kabla ya Kliniki

Mama wa Dongobesh, wilayani Mbulu, akianza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, jicho la mtoto limekwisha kuundwa kwa sehemu kubwa. Wiki ya 4 vifuko viwili huchomoza kutoka ubongoni. Vikikaribia ngozi changa ya nje, nayo hunenepa, hubonyea ndani na kuwa lenzi. Ugonjwa wa rubela ukimpata mama miezi hiyo, lenzi yaweza kupata ukungu mweupe: mtoto wa jicho, na hapa jina limelenga kweli. Wapo watakaosema ni urithi. Mara nyingine ndivyo, lakini urithi hauna chanjo. Rubela inayo, na Tanzania huitoa pamoja na ya surua tangu 2014. Kwa hiyo jicho hilo hulindwa mapema zaidi, kwenye mkono wa binti wa miezi 9, mama wa kesho.